Kabla Hujacheka Mama Akikimbilia Chooni: Historia ya Msuli Ambao Hakuna Aliyetaka Kuutaja

Kuna zile klipu zinazozunguka kila siku. Mama anasimuliwa kituko, anacheka hadi anashika ukuta, halafu ghafla anabana miguu na kukimbilia chooni. Kwenye maoni ni vicheko tu. Mashosti wanatagiana, "huyu ni mama yako kabisa." Klipu inapita, inakuja nyingine.

Kinachobaki nyuma ya klipu hakichekeshi. Yule mama ameshaacha kwenda kwenye vikao vya harusi kwa sababu hajui atakaa karibu na mlango au la. Kanisani anakaa benchi la mwisho. Safari ya basi ya saa nne anaianza bila kunywa hata maji. Na hajamwambia mtu. Mume hajui, dada hajui, nesi hajui.

Sasa hamia Issuna, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Wanaotumia barabara ya Dodoma kwenda Singida wanapajua, maana ukishaiacha Manyoni unakatiza hapo kabla hujafika Singida mjini. Alizeti, mtama, kuku wa kienyeji, upepo mkavu. Chukua mwanamke yeyote wa huko aliyezaa watoto sita, watatu wakiwa wamezaliwa nyumbani. Kila siku anabeba ndoo ya lita 20 kichwani, jembe begani, mtoto mgongoni. Akikohoa, kanga inalowa. Ukimuuliza atakwambia, "ni uzazi tu, mwanangu." Yaani kwake hilo si tatizo, ni ada ya kuwa mama.

Ukweli ni kwamba lina tiba, na mara nyingi tiba yenyewe si kisu wala kidonge. Ni mazoezi. Ila historia ya mazoezi hayo ni ndefu, ina damu, ina kashfa, na imejaa wanawake ambao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao.

Kwanza, ni msuli gani huo?

Shika mfupa wa mbele, pale chini kabisa ya tumbo. Halafu fikiria mfupa mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo, ule unaouma ukianguka kwa makalio. Kati ya mifupa hiyo miwili kumetandikwa misuli kama machela. Wataalamu wanaiita sakafu ya nyonga. Juu yake kimekaa kibofu cha mkojo, kwa mwanamke kimekaa pia kizazi, na nyuma kuna njia ya haja kubwa.

Kazi zake ni nyingi. Inashikilia viungo visishuke. Inafunga milango ili mkojo, upepo na choo visitoke bila ruhusa. Inalegea wakati wa kwenda haja na wakati wa kujifungua. Inahusika na tendo la ndoa. Na inashirikiana na misuli ya tumbo na ya kupumulia kila unaponyanyua mzigo.

Wanaume nao wanayo, msijitoe. Hilo litakuja.

Mimba inaikandamiza misuli hii miezi tisa. Mtoto anapopita, inavutika kuliko msuli mwingine wowote mwilini unavyowahi kuvutika. Kwa wengi inarudi yenyewe taratibu. Kwa wengine hairudi sawasawa, na hapo ndipo kicheko, kikohozi au ndoo ya maji vinapogeuka mtihani.

Bibi zetu walijua kitu

Usidhani haya mambo yaligunduliwa hospitalini. Pwani mwanamke akijifungua anawekwa ndani siku arobaini. Anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na tumbo linafungwa kwa kitambaa kinachoitwa mkaja. Hata kwenye mahari za Waswahili kuna fungu la mama wa bibi harusi linaloitwa hivyo hivyo, mkaja. Ni jamii kukiri kwamba tumbo la huyu mama lilifanya kazi, na kazi hiyo ina malipo.

Bara nako makabila mengi yalikuwa na muda wa mzazi kupumzika, kulishwa vizuri na kutobeshwa mizigo. Pumziko hilo lilikuwa tiba. Misuli iliyovutika inahitaji wiki kadhaa kabla ya kupewa tena ndoo na jembe.

Shida ni mbili. Kwanza, mkaja unabana tumbo, ila machela ya chini inabaki peke yake, na ukibanwa kwa nguvu nyingi unaweza kuongeza mzigo unaosukuma kwenda chini. Pili, pumziko lenyewe lilikuwa la wenye watu wa kuwasaidia. Asiye na mama mkwe wala dada, siku ya tatu yuko kisimani.

Singida na jibu lililokosewa

Hapa inabidi kusema jambo gumu, maana bila hilo historia ya mkoa huu haijakamilika.

Singida na Dodoma kuna neno lawalawa. Ni jina la ugonjwa wa sehemu za siri za watoto wa kike na wanawake: muwasho, kuungua wakati wa kukojoa, uchafu kutoka. Ukiuangalia kitabibu, ni maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo au fangasi. Dawa zake zipo zahanati.

Ila haukueleweka hivyo. Baada ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia 1970, serikali ilipokaza kamba dhidi ya ukeketaji, lawalawa ilianza kusomwa kama hasira ya mizimu: mila imeachwa, mizimu imechukia, ndiyo maana watoto wanaugua. Na dawa ikatajwa kuwa ileile iliyokatazwa, kukeketa. Kibaya zaidi, kwa kuwa binti mkubwa angeweza kusema shuleni, wengine wakahamia kwa watoto wachanga ambao hawawezi kusema kitu. Kilichokuwa sherehe ya ukubwani kikawa jambo la kimya, usiku, kwa mtoto asiye na hata jino.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Takwimu zimeshuka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 51 ya wanawake wa Singida wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 31, wakati kwa Tanzania nzima ilikuwa asilimia 10. Kushuka ni kushuka, ila hata wakati huo bado ilikuwa karibu mmoja kati ya watatu.

Inahusiana vipi na msuli? Moja kwa moja. Kovu halivutiki kama ngozi nzima, hivyo kujifungua kunakuwa kugumu zaidi. Na mwili ulioumizwa hapo unajifunza kujilinda, misuli inakakamaa hata bila mwenyewe kutaka. Matokeo yake ni maumivu ya tendo la ndoa na shida ya kukojoa, mambo ambayo mwanamke atayabeba miaka 30 bila kujua yalianzia wapi.

Kuna funzo lingine humo. Watoto wa Singida walikuwa wanaugua kweli, ugonjwa haukuwa wa kufikirika. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza kwa lugha nyepesi kinachotokea chini ya kitovu. Pale maelezo yanapokosekana, wembe unapata kazi.

Alabama: wanawake waliopasuliwa bila ganzi

Sasa twende mbali. Mwaka 1845, mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Daktari mmoja aitwaye J. Marion Sims alikuwa na kijumba cha wagonjwa uani kwake. Humo aliwekewa wanawake watumwa wenye fistula.

Fistula ni nini? Uchungu ukivuta siku mbili, tatu, nne bila msaada, kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama laini kwenye mfupa wa nyonga. Damu haifiki. Nyama inakufa. Siku chache baadaye inadondoka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, wakati mwingine kati ya njia ya haja kubwa na uke. Mara nyingi mtoto ameshafariki. Mama anabaki akivuja mchana na usiku.

Sims alijaribu kushona matundu hayo kwa karibu miaka minne. Alimiliki miili yao kwa makubaliano na mabwana zao, wao hawakuulizwa. Ganzi ya etha ilionyeshwa hadharani Marekani mwaka 1846, yeye hakuitumia kwao. Mmoja wao, msichana aitwaye Anarcha, alipasuliwa mara 30 hivi. Mwaka 1849 tundu lake lilifungwa, kwa uzi wa fedha. Sims akawa maarufu, akahamia New York, akajengewa sanamu.

Kwenye maandishi yake alitaja majina matatu tu: Anarcha, Betsey na Lucy. Wengine waliokuwa kwenye kile kijumba, majina yao hayajulikani hadi leo. Wao ndio waliowashika wenzao mikono na miguu wakati wa kupasuliwa, na wao ndio waliojifunza kuuguzana.

Aprili 2018 sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York. Mwaka 2021 huko Montgomery ikasimamishwa sanamu nyingine, safari hii ya wale wanawake watatu, wakiitwa mama wa tiba ya wanawake. Imechukua zaidi ya miaka 170 heshima kuhamia kwa wenyewe.

Manesi wanne, mcheza dansi mmoja, na daktari wa Los Angeles

Kushona tundu ni jambo moja. Kurudishia msuli nguvu ni jambo lingine, na hili halikuanzia kwa wapasuaji.

Mwaka 1894 London ilikuwa na kashfa tamu kwa magazeti: nyumba kibao za kukanda miili ziligundulika kuwa danguro. Manesi wanne wanaofanya kazi ya kukanda wagonjwa kwa haki wakaona heshima yao inakwenda na maji. Wakaanzisha chama, wakaweka mitihani na masharti. Chama hicho ndicho kilichokua na kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Yaani taaluma nzima ilizaliwa kwa sababu wanawake wanne walikataa kuchafuliwa jina.

Miaka ya 1930 Margaret Morris, mcheza dansi wa Uingereza aliyegeukia fiziotherapia, alichapisha mazoezi ya wajawazito na waliotoka kujifungua, yakiwemo ya kukaza misuli ya chini. Mcheza dansi! Aliyezoea kuusikiliza mwili wake aliona kitu ambacho madaktari walikuwa wanakipita.

Halafu mwaka 1948 akaja Arnold Kegel, daktari wa wanawake huko Los Angeles. Aliona kwamba wagonjwa wengi wanapasuliwa ili waache kuvuja, halafu baada ya muda wanavuja tena. Akajiuliza: kama mkono uliovunjika unapewa mazoezi, kwa nini msuli huu haupewi? Akatengeneza kifaa chenye puto dogo lililounganishwa na saa ya kupimia, mgonjwa akibana, mshale unapanda. Kwa mara ya kwanza mwanamke aliweza kuona kwa macho msuli ambao hajawahi kuuona. Ndiyo asili ya yale "mazoezi ya Kegel" unayoyasikia kwenye video za mtandaoni, mengine yakiuzwa kama siri ya kumshika mwanaume. Mwenyewe aliyaanzisha kwa ajili ya wanawake wanaolowanisha nguo.

Addis, Masaka, Dar: Afrika Mashariki inashika usukani

Mwaka 1959 wanandoa wawili madaktari, Catherine na Reginald Hamlin, walifika Ethiopia kutoka Australia. Walikuta wanawake wanaovuja wakiwa wametengwa vijijini. Mwaka 1974 walifungua Addis Ababa hospitali ya fistula peke yake. Catherine alifariki Machi 2020 akiwa na miaka 96, amefanya kazi hiyo karibu maisha yake yote.

Ila stori kali zaidi ya pale ni ya mgonjwa. Mamitu Gashe aliletwa miaka ya 1960 akiwa binti mdogo, ametoka kupoteza mtoto. Shule hakuwa nayo. Akaanza kwa kutandika vitanda, akawa anashikilia vifaa chumba cha upasuaji, akawa anaangalia, akafundishwa, hadi akawa mpasuaji wa fistula anayefundisha madaktari wenye digrii. Soma tena hiyo sentensi kama umewahi kuambiwa huna cheti.

Uganda kulikuwa na Sista Maura Lynch, daktari mtawa kutoka Ireland, aliyefanya kazi Hospitali ya Kitovu, Masaka, na kuwafanyia upasuaji wanawake zaidi ya 1,000 wenye fistula. Alikuwa wa shirika la Medical Missionaries of Mary, masista walewale walioingia Singida miaka ya 1950 na kuanzisha Hospitali ya Makiungu, ambayo leo iko wilaya hiyohiyo ya Ikungi ilipo Issuna. Kongo Mashariki kuna Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ya Dk. Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018.

Na Tanzania? Hapa ndipo simu ya mkononi inaingia. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam ilikuwa inatibu fistula bure, lakini vitanda havikujaa. Wanawake walikuwepo vijijini, nauli haikuwepo. Mwaka 2009 wakaja na akili: mabalozi huko mikoani wakimgundua mgonjwa wanapiga simu, nauli inatumwa kwa M-Pesa, balozi anakata tiketi, mgonjwa anapokelewa stendi. Akifika, balozi anapata kishukrani chake. M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu Tanzania. Wakati mjini watu wanaitumia kutumiana hela ya vocha, kuna wanawake ilikuwa inawatoa kwenye miaka ya kujificha.

Wengi wa mabalozi hao hawajulikani. Wengine ni wahudumu wa afya, wengine ni wanawake waliopona wenyewe. Mwanamke aliyepona akirudi kijijini na kanga kavu, hilo ni tangazo kuliko bango lolote. Tangu 2013, kila tarehe 23 Mei dunia inaadhimisha siku ya kutokomeza fistula.

Tundu limefungwa, mbona bado anavuja?

Hili lilikuwa linawavunja moyo wapasuaji wote. Upasuaji umefanikiwa, tundu limeziba kabisa, mgonjwa anasimama kitandani na mkojo unatoka. Analia. Anaona Mungu amemkataa mara ya pili.

Sababu ni kwamba fistula haitoboi tundu tu. Zile siku za uchungu zinaua pia misuli na mishipa ya fahamu. Kibofu kilichokaa mtupu miaka kumi kimesinyaa, hakijui tena kubeba mkojo. Wengine mguu unaning'inia, hawawezi kuinua wayo, kwa kuwa mshipa ulikandamizwa nyongani. Wengine walilala wamejikunja miezi mingi wakitumaini wakitulia tundu litaziba, magoti yakagoma kunyooka.

Hapo ndipo fiziotherapia ilipopata kiti mezani. Addis kuna kitengo chake, ambako wanaoletwa wamebebwa wanafundishwa kutembea upya kabla hata ya kupasuliwa. Benin na mashariki mwa Kongo zimefanyika programu za kuwapa wagonjwa wa fistula mazoezi ya sakafu ya nyonga kabla na baada ya upasuaji. Hapa kwetu, chuo cha fiziotherapia cha KCMC Moshi kimetoa wataalamu wa viungo kwa miongo, ingawa waliobobea kwenye nyonga ni wachache na wengi wako mijini.

Inafanyikaje?

Wengi wanaogopa wakidhani wataenda kuvuliwa nguo na kuaibishwa. Haiko hivyo. Mtaalamu anaanza kwa maswali: unavuja ukikohoa au unavuja ukiwa njiani kwenda chooni? Mara ngapi usiku? Choo ni kigumu? Ulizaa vipi? Unaweza kupewa kazi ya kuandika siku mbili tatu muda wa kunywa na muda wa kukojoa. Kumpima msuli kwa kidole kunafanyika tu mgonjwa akikubali, na anaweza kukataa.

Halafu mazoezi. Jibane kama unayezuia upepo mbele za wakwe, na hapohapo kama unayezuia mkojo. Unahisi kitu kinavutwa juu na ndani. Makalio yasibanwe, mapaja yasibanwe, na pumzi isizuiwe. Shikilia kwa sekunde kadhaa ukipanda taratibu hadi 10, achia kabisa, pumzika muda uleule. Rudia mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku. Usilifanye zoea la kukatiza mkojo katikati ukiwa chooni, kibofu kinachanganyikiwa.

Kuna mbinu ya papo hapo pia: bana kabla hujakohoa, kabla hujapiga chafya, kabla hujanyanyua ndoo. Mama wa Issuna anaweza kuanza nayo kesho kisimani.

Matokeo hayaji wiki moja. Wataalamu wanataka angalau miezi mitatu. Lakini yanakuja. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2018 yalikuta kwamba wanawake wanaovuja wakikohoa au kucheka, waliofanya mazoezi haya, walikuwa na uwezekano wa mara nane zaidi wa kusema wamepona kuliko wasiofanya kitu.

Kwa nini basi usijifanyie tu kwa kutazama video? Kwa sababu utafiti wa Marekani wa 1991 ulionyesha kwamba wanawake walioelekezwa kwa mdomo tu, ni karibu nusu waliobana sawasawa, na robo walikuwa wanasukuma chini badala ya kuvuta juu. Yaani walikuwa wanajiongezea tatizo huku wakidhani wanajitibu.

Inamsaidia nani?

Waliojifungua, kwanza kabisa, iwe kawaida au kwa upasuaji. Wajawazito kabla hawajaanza kuvuja. Mama ambaye kizazi kimeanza kushuka na anahisi kama amekalia mpira. Kikiwa hakijashuka sana mazoezi yanapunguza dalili. Waliokoma hedhi. Mabinti wasio na mtoto wanaoruka kamba au kunyanyua vyuma na kujikuta wanavuja. Wasioweza kuzuia upepo au choo.

Wanaume waliotolewa tezi dume. Baba akirudi kutoka upasuaji anavuja, anavaa pampasi, anaacha kwenda kijiweni, na hasemi neno. Mazoezi ni yaleyale.

Halafu kuna kundi ambalo misuli yao haijalegea, imekakamaa. Wenye maumivu makali ya tendo la ndoa, waliokeketwa, waliobakwa, wenye choo kinachogoma kutoka. Kwa hawa kubana ni kuongeza moto. Wao wanafundishwa kuachia: kupumua kwa tumbo, kunyoosha nyonga, kuuambia mwili kwamba hatari imepita. Ndiyo maana kupimwa kunatangulia mazoezi.

Na ieleweke: fistula haizibwi kwa mazoezi. Anayevuja muda wote, mchana na usiku, hasa aliyetoka kwenye uchungu wa muda mrefu, anahitaji hospitali haraka. Damu kwenye mkojo, ganzi ya ghafla sehemu za siri au miguu kukosa nguvu, hapo pia si pa kujaribu mazoezi nyumbani.

Turudi Issuna

Barabara ya lami inapita Issuna, mabasi yanapita, mtandao upo. Binti wa huko aliyemaliza kidato cha nne anaona klipu ileile unayoiona wewe. Tofauti ni kwamba yeye anajua kanga za nani zinafuliwa usiku.

Historia yote hii inaonyesha kitu kimoja. Dawa haikuwahi kuwa mbali kama ukimya ulivyokuwa mzito. Wale wa Alabama hawakuulizwa. Wachanga wa Singida hawakuweza kusema. Mama wa leo anaweza kusema, ila anasubiri aulizwe, na aulizwe na mtu ambaye hatacheka.

Kwetu mtoto hamuulizi mama mambo ya chini ya kitovu hivihivi. Sawa, zipo njia. Shangazi yupo, bibi yupo, dada mkubwa yupo. Shikamoo kwanza, halafu mpe bibi habari kama stori: "Bibi, ati kuna mazoezi yanatibu wanaolowana wakikohoa, na hospitali ya mkoa kuna watu wa viungo." Usiseme ni nani. Bibi atajua pa kuifikisha.

Na ile klipu ikipita tena, kabla hujabonyeza kicheko, angalia uso wa yule mama anapokimbia.

Wewe unamjua nani ambaye ameacha kusafiri au kwenda shughulini bila kusema sababu? Usiandike jina. Andika tu hapo chini kama umeshapata namna ya kumwambia.